Shehena Iliyozuiwa

Haya yalimpata rafiki yangu, mkaguzi wa vifaa tiba, mwanamke asiyeamini hata ndoto zake mwenyewe. Jioni hiyo alikuwa hoi, kiuno kinamuuma, na kazi ilibaki moja tu: kuchukua sampuli ya vipandikizi stoo. Ni vile vizimba vidogo vya chuma ambavyo daktari huvipachika kati ya pingili za mgongo, ili mfupa uote ndani yake na pingili zishikane. Shehena ile ilizuiwa kwa kukosa kibali, kwa hiyo haikuwahi kumgusa mgonjwa yeyote.

"Mama, kwa mwendo huo, wewe ndiye unayevihitaji hivyo vyuma," mtunza stoo alimtania huku akifungua kufuli.

"Niache, kaka. Nikikaa sasa hivi, siinuki tena."

Wakiwa ndani, umeme ukakatika. Stoo ile haikuwa na dirisha, giza likawa totoro. Ndipo kwenye rafu kukalia ka! Halafu ka! tena, kama mtu anayejinyoosha mgongo baada ya kuinama kutwa nzima.

"Ni wewe, mama?"

"Mimi sijasogea."

Mtunza stoo akatoka mbio. Rafiki yangu alikuwa amechoka kiasi cha kushindwa hata kuogopa. Akapapasa, akatia pakiti moja mkobani, akaenda zake kulala.

Asubuhi, maabarani, aliikagua lakiri ya kiwandani. Ilikuwa nzima. Akaikata pakiti kwa mkasi. Matundu yote ya kile kizimba yalikuwa yamejaa mfupa, mweupe, mbichi, bado una vuguvugu.