Cheti cha Mama Pacha

"Unanuka mbwa," mume wake alimwambia, na hakuwa anatania.

Mama Pacha alikuwa ndiyo kwanza anaingia sebuleni, hajavua hata viatu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Suruali yake ilijaa vumbi hadi magotini, na mfukoni kulibaki vipande viwili vitatu vya ini lililokaushwa. Mume wake, ambaye mtaa mzima unamwita Kinyozi, alikuwa ameketi kwenye kochi mikono imekunjwa. Kwa kawaida hafungi duka kabla ya saa mbili, kwa hiyo mkewe alijua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilimwagika kabla hajafungua kamba ya kiatu cha pili. Mchana ule wateja walikuwa wamemfanya kichekesho. Jamaa mmoja muuza matairi, mwenye mdomo usio na mlango, alimuuliza kama mkewe akihitimu ukufunzi wa mbwa atavaa joho au atavishwa mkanda wa shingoni. Duka zima likaangua kicheko. Kinyozi alisema amechoka kunyoa vichwa vya watu wanaomcheka.

"Mimi na hao mbwa," akamalizia, "chagua mmoja."

Mama Pacha aliweka viatu vyake mlangoni, kimoja kando ya kingine.

"Sichagui. Mtihani ni baada ya wiki nne. Nikimaliza tutaongea."

"Basi usinitafute."

Akapakia nguo kwenye begi, akaenda kwa dada yake, mitaa miwili kutoka pale. Pacha wao, wasichana wa miaka tisa, waliambiwa baba amekwenda kumsaidia shangazi kupaka rangi. Walikubali kwa midomo tu. Macho yao yalikataa.

Si kwamba Mama Pacha alikurupuka. Kwa miaka minane alikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la nafaka. Ghala lilikuwa na mbwa wanne, na waliowashika wote ni wanaume walioamini mbwa ni kiziwi, maana kila neno walilisema kwa kufoka. Mwaka mmoja, mshikaji wa mbwa mmoja jike aliacha kazi, na yule mbwa akasusa chakula siku tatu. Mama Pacha akawa anakwenda kukaa karibu na banda lake kila mapumziko, anakula chakula chake mwenyewe, hamsemeshi. Siku ya nne mbwa alikula mkononi mwake. Meneja wa ghala alikuwa anatazama dirishani. Akamwita na kumwambia kwamba siku atakayoleta cheti cha ukufunzi wa mbwa, kitengo chote atamkabidhi yeye.

Lakini cheti kilitolewa mji wa mbali, mwendo wa kutwa nzima, na ilibidi ukae bweni miezi sita. Pacha angemwachia nani? Akaifungia ile ndoto, ikakaa miaka sita. Kisha chuo kikafungua tawi kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, mtaa wa tatu kutoka kwake. Siku alipoona bango, alirudi nyumbani karibu anakimbia, akachukua vyeti vyake vya shule, akajiandikisha siku hiyohiyo. Alimwambia mumewe jioni ileile. Mumewe alicheka, akidhani ni moto wa karatasi, utazima baada ya wiki.

Haukuzima. Aliomba zamu ya alfajiri ghalani ili mchana aingie darasani. Kwenye darasa la watu tisa mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alijifunza kusoma masikio na mkia kama mtu anavyosoma barua. Alijifunza kwamba zawadi ikichelewa kidogo tu, mbwa hajui tena amezawadiwa kwa lipi. Na mwalimu wao, mzee mwenye sharubu aliyestaafu kikosi cha mbwa cha polisi, hakuchoka kuwakumbusha kwamba wengi wao watafeli si kwa sababu ya mbwa, bali kwa sababu ya binadamu aliyeshika upande wa pili wa kamba.

Wiki ya pili tangu mumewe aondoke, kwenye simu yake uliingia ujumbe. Kinyozi alikuwa amemsukumia maneno ya dada yake jinsi yalivyo, akaongeza alama ya kuuliza tu:

"Mkeo nimemwona kwa macho yangu, kashikwa mkono na mwalimu wake, wanacheka. Wewe endelea kunyoa."

Mama Pacha aliusoma mara mbili. Aliweka simu chini mpaka hasira ipoe, ndipo akajibu:

"Alikuwa ananionyesha jinsi ya kulegeza kamba. Uzio wa chuo ni wa waya, na kila kitu kinaonekana kutoka barabarani. Njoo uangalie mwenyewe."

Hakujibiwa. Alilia kidogo jikoni wakati pacha wakiwa shuleni, akanawa uso, akarudi kwenye madaftari.

Mtihani ulikuwa na sehemu tatu. Ile ya kuandika aliipita. Ile ya kumwongoza mbwa aliipita vizuri zaidi. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiwanyima watu usingizi. Kila mtahiniwa alitakiwa aje na mtu ambaye hajawahi kushika mbwa maishani mwake. Wangepangiwa mbwa kwa kura, na ndani ya dakika arobaini mtu huyo awe ameweza kutembea na mbwa peke yake hadi mwisho wa uwanja, amketishe, arudi naye. Ukifeli hiyo, umefeli zote.

Jirani yake mshonaji alikuwa amekubali tangu mwezi uliopita. Saa mbili na nusu asubuhi ya siku yenyewe akaandika: "Mama Pacha nisamehe, mwanangu ana homa kali, niko zahanati." Mama Pacha alimpa pole kwa moyo mmoja, akaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa amewahi kufuga mbwa. Wa pili hakupokea. Zamu yake ilikuwa saa nne kamili.

Alikaa kwenye benchi la chuo, simu mapajani. Alimjua mtu mmoja ambaye hajawahi kushika mbwa na asingemshika kwa hiari yake. Kinyozi aling'atwa akiwa na miaka saba, akitumwa dukani, na kovu lilikuwa bado kwenye shavu la mguu. Mpaka leo akiona mbwa, hata aliyelala, huvuka barabara akijifanya amekumbuka kitu upande wa pili.

Akaandika: "Baba Pacha, saa nne nahitaji mtu ambaye hajawahi kushika mbwa. Nilimpata, amepata dharura. Nakuomba wewe. Ukishindwa nitakuelewa."

Saa nne kasoro dakika tano, lango la chuo likafunguliwa. Kinyozi aliingia na aproni yake, nywele za watu zimemganda mikononi. Nyuma yake, akaishia langoni, alikuja yule muuza matairi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado msitu. Baadaye ilijulikana kwamba Kinyozi alisoma ujumbe akiwa katikati ya kichwa hicho, akazima mashine, akatoka bila kuaga, na mteja hakuwa na la kufanya ila kumfuata.

"Nimekuja," Kinyozi alisema.

"Asante," mkewe akajibu. Hapakuwa na muda wa zaidi.

Kura ikaleta mbwa dume mweusi, mkubwa, kifua kama mlango, aliyeitwa Meneja. Kinyozi alipomwona alirudi nyuma hatua tatu. Mtahini, mama wa makamo mwenye buti za mpira, aliangalia saa, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Mama Pacha hakumvuta mumewe mbele. Alikwenda kusimama naye pale pale aliporudi, mbali na mbwa.

"Mtoto akiletwa kwako kunyolewa mara ya kwanza, analia, anaogopa mashine, unafanyaje?"

"Simshiki," Kinyozi alisema, macho yake kwa Meneja. "Namwacha akae kwanza."

"Halafu?"

"Namwonyesha mashine ikiwa imezimwa. Namwacha aiguse. Nikiiwasha naiwasha mbali, azoee mlio. Naongea naye polepole, habari za shule, habari za mpira."

"Unamkodolea macho?"

"Hapana. Nikimkodolea anaanza upya."

"Basi unajua kila kitu. Huyu ni mtoto anayenyolewa mara ya kwanza. Na wewe pia. Tutakwenda kwa mwendo wenu nyote wawili."

Akamwambia asimame ubavu, mikono ilegee, atoe pumzi. Meneja akanusa aproni, akanusa mikono, akapiga chafya kwa sababu ya zile nywele. Kinyozi akashtuka, kisha akacheka, kicheko cha mtu ambaye hakutarajia kucheka. Mkewe akampa kipande cha ini, akamwonyesha namna ya kukiweka kwenye kiganja kilichonyooka. Ulimi wa mbwa ulipopita, Kinyozi alifumba macho. Alipofumbua, vidole vyake vyote vilikuwepo.

Dakika ishirini zikapita hivyo, na mtahini akaanza kuigonga kalamu yake. Mama Pacha aliisikia, lakini hakuharakisha. Dakika ya thelathini ndipo alipompa mumewe kamba.

"Isikaze," alimwambia. "Ukiikaza unamwambia kuna hatari. Mimi nabaki hapa."

"Unabaki?"

"Utakwenda peke yako. Utaweza."

Kinyozi alitembea. Hatua za kwanza alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Katikati ya uwanja mabega yakashuka, na mkewe akamsikia anamsimulia Meneja habari za mpira. Mwisho wa uwanja akasema "keti" kwa sauti ya kawaida, na yule mbwa akaketi. Wakarudi wawili hao, kamba imelegea, dakika ya thelathini na nane. Nje ya uzio muuza matairi alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili.

Mtahini alimgeukia Kinyozi, kama utaratibu ulivyotaka.

"Huyu mkufunzi amekufundisha nini?"

Mkono wa Kinyozi ulikuwa bado juu ya kichwa cha Meneja.

"Nilikuja naogopa, na hakunicheka. Miaka yote hii kila mtu ananicheka kwa hofu hii, na mimi najicheka. Yeye alisubiri." Akaonyesha karatasi ya mtahini. "Ni mke wangu, mama. Andika na hilo."

Matokeo yalibandikwa saa nane mchana. Kati ya tisa walifaulu wanne, na jina la Mama Pacha lilikuwa la pili kutoka juu. Mwalimu mwenye sharubu alimkabidhi cheti, akampa mkono Kinyozi, akamwambia kwamba mkewe ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kumfundisha kitu. Kinyozi alimtazama mzee yule usoni na kuinamisha kichwa kwa haya.

Kwenye benchi, wakiwa wawili tu, ndipo alipoongea.

"Sikuwa naona aibu, Mama Pacha. Nilikuwa naogopa. Niliona ni rahisi kukasirika."

"Na yale ya dada yako?"

"Nilikuja. Mara mbili. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikaona unavyosikilizwa na wale mbwa, nikashindwa kukuandikia. Nilikosea. Nilikosea na siku ile ya kukwambia uchague."

"Uliniacha na watoto wanaouliza kila asubuhi," mkewe alisema. "Hilo sitalisahau leo."

"Usilisahau. Nataka kurudi tu."

Mkewe alimpa cheti akibebe.

Kinyozi alichagua njia ndefu, inayopita sokoni, na kila waliyekutana naye aliambiwa bila kuuliza. Penye kibanda cha vitambaa cha dada yake alisimama.

"Dada, mke wangu kafaulu. Na yule mwalimu uliyemwona kamshika mkono, leo kanishika na mimi. Nadhani unajua la kumwambia wifi yako."

Dada yake alikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa, akainua uso, akamwomba Mama Pacha msamaha mbele ya wateja wake. Mama Pacha aliupokea. Kisha wakapitia nyumbani kwa dada kuchukua begi la Kinyozi.

Saa kumi pacha walirudi kutoka shuleni wakamkuta baba yao mlangoni. Walitupa mikoba chini, mmoja akamrukia shingoni, mwingine akabaki anamtazama mama.

"Mama, umepata?"

"Tumepata," baba yao akadakia. Kisha akamgeukia mkewe, akakinyoosha kile cheti kwa mikono miwili ili watoto wakione vizuri.

"Hapana," akasema. "Amepata. Mama yenu amepata."