Migomba Iliyoachwa ya Mumosho

Jumamosi moja ya mwaka 1984, Apolline alikuwa akiuza miche ya migomba ya baba yake katika soko la Kadutu. Kijana aliyevaa suti ya abakosti ya kijivu akaokota mche, akaukata kwa kisu bila kuomba ruhusa. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia. Wanunuzi wakaona, wakaenda zao.

"Citoyen, umeniharibia soko," Apolline alisema, akimwita raia kama ilivyoamriwa enzi hizo.

"Shamba yenu iko na ugonjwa," akajibu. "Ukiuzisha hii, utaupeleka mu mashamba ya watu."

Aliitwa Bisimwa, fundi wa maabara ya Lwiro. Siku nyingine Apolline alikuwa mshonaji huko Nyalukemba, na kitenge cha kijani alichojishonea kilimkaa vizuri hivi kwamba Bisimwa alisahau kuondoka.

Baadaye Bisimwa akafika kijijini Mumosho kwa papa Télesphore, baba yake Apolline, na madumu ya maji yanayonuka udongo. Alieleza kwamba humo mlikuwa na bakteria wema, waliotolewa kwenye mizizi ya migomba mizima. Wakimwagwa shinani, huzuia ukungu unaoikausha. Mzee alicheka, kisha akakubali.

Migomba ikapata nguvu, na mapenzi vilevile. Bisimwa alipiga simu kwenye karakana ya ushonaji akisingizia kuuliza hali ya majani, na wenzake Apolline wakambandika jina: daktari wa ndizi.

Kiangazi kilipofika, kipande cha juu cha shamba kilikauka chote. Ndicho alichokipanda marehemu mama yake Apolline. Bisimwa alikiri mbele ya Apolline kwamba hakukitia dawa. Kiliachwa ili kulinganisha na migomba iliyotiwa.

"Ulijua itakufa?"

"Nilijua inaweza kufa."

"Na ulijua ni ya mama yangu."

Bisimwa akaokota madumu yake, akaondoka. Tangu hapo, simu ilipolia, wenzake walijibu kwamba Apolline hayupo, naye yupo palepale, mguu juu ya kanyagio la cherehani.

Mwishowe papa Télesphore alikuja Nyalukemba mwenyewe, akaketi katikati ya vitambaa, kofia magotini.

"Ni mimi nilichagua kile kipande," alisema. "Bisimwa alitaka kingine, nikamukatalia. Tangu mama yako afe, sikuweza kuvumilia kuona ile migomba yake iko mizima na yeye hayuko. Nikamuomba asikuambie."

Apolline alimaliza pindo alilokuwa akishona. Kisha akapiga simu Lwiro, akangoja Bisimwa aitwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni baba yako. Sikutaka umuchukie."

"Nikakuchukia weye."

Simu ilikwaruza. "Nataka kuleta batonton yangu, wale ndugu za baba, Mumosho kukuposa," Bisimwa alisema, "kama unakubali."

"Walete. Lakini siri ya mutu mwingine isiingie tena kati yetu."

Walikuja mvua zilipoanza. Wakati wazee wakijadili ng'ombe wa mahari, wapenzi hao walikuwa kipande cha juu, wakichovya miche mipya katika yale maji ya bakteria na kuipanda. Papa Télesphore aliwaacha wageni, akawafuata. Alisimama ukingoni kitambo kirefu. Halafu akavua viatu, akaingia kupanda nao.