Joho Jeusi Machimboni

Joho lilikuwa limelowa tope kwenye upindo, na mvua haikuwa imenyesha mjini Tanjung Bijih kwa wiki tatu.

Saodah alilishika kwa ncha za vidole, akalinusa. "Mume wangu, jana ulipita zizini kwa nani?"

"Zizi gani tena? Nilikuwa mahakamani."

"Basi mahakama yenu siku hizi inafuga nyati."

Megat Johari akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Ndiye Mmalei pekee aliyekuwa wakili mjini kwetu, baba yake aliuza shamba la mpunga ili akasome ng'ambo, mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, na wiki hiyo alikuwa ameshinda kesi ya kumjengea jina.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Tauke Lim, tajiri mwenye machimbo ya madini ya bati, ambaye Johari alikuwa wakili wake, alitaka kuchimbua kilima ambacho Tok Kulop alikikataza. Tok Kulop alikuwa pawang, mzee wa kusema na jini wa bati. Bati la bonde letu la Kinta lina mwenyewe, na mwenyewe hutembea chini ya ardhi kwa umbo la nyati. Ndiyo maana machimboni huingii na viatu, hufungui mwavuli, na nguo nyeusi huvaa pawang peke yake, ili mwenye mahali amjue wa kumsikiliza. Hayo hata mtoto anayejifunza kutembea anayajua. Johari naye aliyajua, ila elimu ya ng'ambo ilipomwingia kichwani iliwafukuza wenyeji.

Jaji Mwingereza alipokwenda kukiona kilima, Johari alimfuata na joho lake jeusi mwilini. Wachimbaji wakapiga kelele, "Wakili, vua! Vua hiyo!"

"Joho hili nimelisomea miaka mitano," akawajibu. "Silivui kwa ajili ya mnyama."

Mahakamani alimcheza shere mzee wa watu mpaka ukumbi ukavunjika mbavu. "Nyati wako, babu, ana cheti cha kuzaliwa?" Kisha akaomba maneno yote ya Tok Kulop yafutwe, kwa kuwa si ushahidi. "Futa," jaji akasema, na karani Kandiah akayakata kwa mstari wa wino mwekundu. Hukumu ikatoka: mbele ya sheria hakuna kitu kinachoitwa pawang.

Siku mbili baada ya lile tope, adhuhuri, Saodah alisikia kitu kizito kikijikuna ubavu kwenye nguzo zilizoinua nyumba, chini ya sakafu. Aliinama akachungulia. Hakuona kitu, ila harufu ya nyati ilimpanda puani.

Siku hiyohiyo, katika kesi nyingine, wakili wa upande wa pili alisimama kumjibu Johari, akafungua kinywa, akatema tope. Johari akashinda. Aliporudi nyumbani akamkuta mkewe hawezi kuinuka kitandani. Alishinda tena Jumatano, na wanawake wanne wakashindwa kumgeuza Saodah ubavu. Aliposhinda mara ya tatu ngozi ya mkewe ilikuwa imegeuka kijivu, inang'aa kama bati lililooshwa, na miguu ya kitanda ilikuwa imetoboa mbao za sakafu.

"Njoo karibu," Saodah alinong'ona. "Weka mkono hapa. Unasikia?"

Johari akaweka mkono tumboni.

"Anakanyaga kwa kwato," mkewe akasema, akaanza kulia.

Johari alikwenda kwa Tok Kulop mbio, peku. Hofu ilikuwa imemkumbusha adabu.

"Babu, nisamehe. Lichukue joho. Mfukuze."

"Nimfukuze mimi nani?" Mzee hakuinua hata sauti. "Uliingia kwake na nguo yangu, kisha ukaandikisha kwamba mimi si kitu. Juzi nimevaa koti langu jeusi, nikamwita. Alinipita kama mgeni. Anakutumikia wewe sasa. Pawang humchinjia nyati kila mwaka. Wewe umempa nini?"

Johari akalikunjua joho, akalikunja tena.

"Basi amejichagulia mwenyewe."

"Nifanye nini, babu?"

"Yale maneno yalisemwa mbele ya watu, yakaandikwa kitabuni. Yakarudishwe palepale, na yaandikwe."

"Nikisema hivyo, uwakili ndio umekwisha."

"Na mkeo ana siku ngapi?"

Kesho yake asubuhi Johari alisimama mbele ya jaji, joho likimnukia nyati, na akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kesi ile aliishinda kwa dhihaka wala si kwa haki, kwamba Tok Kulop ni pawang kama baba yake na babu yake, kwamba kilima kina mwenyewe na mwenyewe hana msemaji mwingine, na kwamba yeye, Megat Johari, alivaa kisichokuwa chake. Kalamu ya Kandiah ikakwaruza karatasi, neno kwa neno.

Nyumbani, saa ileile, kitanda kilipanda juu taratibu. Rangi ilimrudi Saodah usoni. Akavuta pumzi ndefu, akajigeuza mwenyewe, akasema, "Nina njaa." Wanawake wakalia kwa furaha, mmoja akakimbilia jikoni kuleta uji.

Mahakamani watu walikuwa wameanza kucheka. Jaji alifuta miwani yake. "Wakili amepigwa na jua," akasema, si kwa ubaya. "Tumhifadhie heshima yake. Futa hayo."

"Mheshimiwa, usifute! Kandiah, ndugu yangu, nakuomba—"

Kandiah alikuwa ameandika pale miaka kumi na mmoja na hajapata kukataa neno la jaji. Alichovya kalamu kwenye wino mwekundu, akachora mstari.

Chini ya sakafu ya mahakama Johari alisikia kwato zikigeuka, kisha zikianza kutembea bila haraka kuelekea upande wa nyumbani kwake.

Alikimbia njia nzima, akalivua joho akalitupa mtaroni. Alipopanda ngazi aliwakuta wanawake wamesimama kuzunguka tundu kubwa katikati ya sakafu, pale kilipokuwa kitanda cha Saodah, chini yake udongo umejifunga kama haujawahi kuguswa, na mmoja wao bado ameshika kijiko cha uji.