Kamba Iliyolegea Katikati

Kila asubuhi Divine alichota maji kwenye pampu ya Rubondo, kambini Nakivale, akapeleka dumu nyumbani, kisha akakimbilia shuleni kufanya mazoezi ya kuruka juu. Shule haikuwa na upau, ile fito ya kurukia. Wanafunzi walirukia kamba iliyofungwa kwenye mipini miwili ya majembe.

Jumatano, Mwalimu Ancilla alipima mita moja na sentimita kumi kwenye kila mpini. Msichana mmoja tu, Divine au Jocelyne, angekwenda mjini Mbarara kushindana. Jocelyne alirukia karibu na mpini, akagusa kamba, akashindwa. Divine alirukia katikati, akapita.

"Weye Divine, una miguu ya swala!" wenzake walishangilia.

Baadaye, katika kipindi cha Kiingereza, mwalimu huyohuyo alisema, "Waingereza wakiona kazi nzuri, husema imevuka upau. Wakitaka iwe bora zaidi, husema wanauinua upau. Maneno hayo yalitoka kwenye mchezo wenu huu. Na sisi tunaosema Kiswahili, asiyefikia kiwango tunasemaje?"

"Hafui dafu!" darasa lilijibu.

"Mwalimu, dafu lenyewe nimelionea wapi hapa Nakivale?" Bienfait aliuliza. Darasa likacheka.

"Hujaliona, lakini msemo ni wako. Jivunie. Haya, leo nani ameuvuka upau?"

"Divine!"

Divine hakucheka. Katikati, kamba ile ililegea kiasi cha kiganja kizima. Alikuwa akilijua hilo wiki nzima, ndiyo maana akachagua fasi ile ya katikati.

Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu. "Mwalimu, sikuvuka. Kamba inalegea katikati. Nilijua."

Ancilla aliuliza, "Jocelyne anajua?"

"Hapana."

"Basi mwite."

Walitafuta bua la mtama lililonyooka, wakalilaza juu ya misumari miwili waliyoipigilia kwenye mipini, kwa kimo kilekile. Jocelyne aliruka, akapita. Divine aliliangusha mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Alibaki chini, macho yamejaa machozi.

Mwalimu alichutama kando yake. "Mwanangu, kamba ilikusifu bure. Bua limekuambia ukweli: umebakiza vidole viwili tu. Ungekwenda na sifa za kamba, ungeumbuka Mbarara, na mwenzako angebaki hapa bila kosa. Umesema kweli mwenyewe. Hivyo vidole viwili tutavifanyia kazi."

Jocelyne alimvuta mkono, akamsimamisha. "Jumatatu tuanze pamoja. Lakini nafasi yangu sikuachii!"

"Nani anakuomba?" Divine alijibu, akijipangusa vumbi. "Mwaka ujao nitakunyang'anya."