Chuma Kisichoguswa Uso

Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani. Kavira alijua ni Christa, binti yake, anatafuta maji ya kunywa katika nyumba isiyo yao.

Saa kumi na moja alfajiri. Chumba cha nyuma, Butembo. Malachie, mwenye nyumba, aliwasha tochi.

"Leo ni salongo, kazi ya mutaa muzima. Walinzi watakuwa inje na majembe kama watu wote. Mama Christa, unafanya usafi mu ile maabara ya dawa. Ingia, toka na chuma. Éliakim anakungoja na pikipiki."

Éliakim alicheka. "Kachuma kadogo vile?"

"Mujinga. Dawa inatoka sura mbili, kama mukono wa kuume na wa kushoto. Moja inaponya, ingine inaumiza mutu. Uso wa ile chuma ndio unachagua ya kuponya. Mununuzi wa Beni anataka uso. Donc, hapana kuugusa."

"Na mtoto wangu?" Kavira aliuliza.

"Anabaki na mimi. Leta chuma, utamubeba."

Saa moja. Mtaa mzima ulikuwa ukizibua mitaro. Nani angemuuliza mwanamke mwenye ndoo siku ya salongo? Ndani ya maabara, Kavira alikishika kile chuma pembeni, akakiviringisha kwa pamba, akatoka.

Saa mbili. Malachie alikipokea bila asante, akajifungia ndani na mtoto. Zamani alinunua dhahabu kwa wachimbaji, akiipima kwa jiwe na asidi. Hakujua kuamini chuma kwa macho tu. Alipotoka, vidole vyake vilinuka asidi.

"Twende Beni. Mtoto anapanda kwangu."

Saa tano. Mtaa wa Bungulu, Beni, nyuma ya depo ya saruji. Mnunuzi, mzee Kahongya, alikitazama chuma kwa lenzi. Akakitazama tena.

"Imekwaruzwa. Uso umekufa. Sasa hii ni ya kufua kijiko."

Mlinzi wake alifunga mlango, akatoa bastola.

"Mama Christa ndiye aliibeba," Malachie alisema, sauti baridi. "Mwanamuke wa kusugua sufuria, ataacha kitu bila kusugua?"

Éliakim aliangalia viatu vyake. Mdomo wa bastola ukahamia kwa Kavira.

"Nilishika pembeni tu, papa," alisema. "Mutoto atoke kwanza. Nakuomba."

Christa alichomoa mkono wake katika mkono wa Malachie.

"Tonton Malachie ndiye alisugua chuma ku jiwe."