Nywele Zilizolowa Alfajiri

Siti alisimamisha vidole katikati ya mstari wa tatu.

"Shamsa mwanangu, nitakuuliza jambo na usinikasirikie. Alfajiri unaoga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya jasho."

"Jasho la nini?"

Shamsa alitaka kugeuka. Siti akakishika kichwa chake na kukirudisha mahali pake. Walikuwa wameketi kwenye mkeka, uani kwa baba yake Shamsa, mzee Ayubu fundi cherehani, mjini Bukoba, Jumamosi ya mwisho ya Julai 1957. Siti aliwasuka nusu ya wanawake wa Kiislamu wa mji ule, na habari nyingi zilipita mikononi mwake pamoja na mafuta.

"Kuna nini, Bi Siti?"

"Jirani yenu amekuona hapa uani, jua halijatoka, kichwa kimelowa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Amehesabu wiki tano. Amekwenda kumwambia Bi Maulida."

Shamsa hakuhitaji kufafanuliwa. Mwanamke aliyelala na mumewe huoga mwili mzima, nywele na ngozi ya kichwa, ndipo aswali. Mke wa mtu akionekana asubuhi nywele zimelowa, majirani hutabasamu na kupita. Shamsa hakuwa na mume. Alikuwa na mchumba, Muhidini, bwana shamba aliyefanya kazi Muleba, na Bi Maulida ndiye mama yake Muhidini.

"Nakimbia," alisema Shamsa.

"Mungu wangu! Na nani?"

"Na Mwalimu Celina! Nikimaliza kuswali nakwenda kwake, tunashuka hadi ziwani, tunarudi. Maili mbili. Nikifika nyumbani kichwa ni chumvi tupu. Ndiyo naosha."

Siti alicheka mpaka chanuo likamtoka mkononi.

"Kumbe! Ndiyo maana nyuzi zangu zinaoza kichwani mwako. Nimekwenda kugombana na Mhindi wa watu, nikamwambia ameniuzia uzi mbovu!"

Jambo lenyewe lilianza Februari. Shamsa na Celina walifundisha shule moja ya wasichana, na walipoagizwa kufundisha mazoezi ya viungo, Shamsa alipungukiwa pumzi kabla ya wanafunzi wake. Akaanza kukimbia ili asiaibike. Baada ya miezi miwili aibu ilikuwa imekwisha, lakini hakuacha. Katika siku nzima, saa ile tu hakuna mtu aliyemwita.

Tatizo lilikuwa nywele. Mwanzoni alizinyoosha kwa chanuo la moto lililotoka Kampala. Kabla hajafika ziwani jasho lilikuwa limezikunja tena. Akahamia kufungwa nywele kwa nyuzi. Nyuzi zilishika maji hadi adhuhuri na kutoa harufu. Celina hakujua shida hizo. Kama wasichana wengi wa Izimbya alikokulia, alinyoa karibu na ngozi. Alijifuta kwa kitambaa, akaenda kufundisha. Wote wawili walikimbia njia moja na kutoka jasho lile lile, lakini kichwa cha Celina hakikuwa na cha kuonyesha.

"Dawa ipo," alisema Siti. "Nitakusuka mistari myembamba, yote ielekee nyuma. Ukirudi usimwage maji. Chukua kitambaa kibichi, futa ngozi kati ya mstari na mstari, paka mafuta kidogo. Kuosha ni Ijumaa tu. Nywele zitapona, na midomo itafungwa."

Shamsa alifikiri.

"Nikiacha kulowesha kichwa wiki hii, watasema nini?"

"Watasema umekoma."

"Basi nitakuwa nimekiri. Nisuke hiyo mistari, Bi Siti. Ila nitaosha kama kawaida mpaka jambo hili liishe."

"Wewe ni mbishi."

"Suka."

Alhamisi ilifika barua.

"Muleba, 30 Julai 1957. Kwa Shamsa. Salamu. Mama ameniandikia habari za nywele zako na saa zinapoonekana zimelowa. Sipendi kuziamini, na sijui nizikatae kwa lipi. Amesema Jumapili tarehe 11 Agosti atakwenda kwa baba yako kuvunja uchumba. Nijibu kwa kifupi: ni kweli, au si kweli? Muhidini."

Shamsa aliisoma mara mbili. "Si kweli" ni maneno ambayo hata mwongo angeyaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Akachukua kalamu.

"Bukoba, 1 Agosti. Mpenzi Muhidini. Mkulima akikuambia kahawa yake haina ugonjwa, unaandika 'haina', au unaingia shambani ukageuza majani? Jumatano alfajiri, saa kumi na moja na nusu, uwe mbele ya nyumba ya Mwalimu Celina. Uje na viatu vya kufunga kwa kamba. Shamsa."

Muhidini aliingia Bukoba Jumanne kwa lori la kahawa, akalala kwa rafiki yake Muharami. Jumatano saa iliyotajwa alikuwa mahali palipotajwa, na baiskeli ya kuazima. Celina alitoka wa kwanza, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, bwana shamba! Hiyo baiskeli ya nini?"

"Nitawafuata."

"Iache hapa. Leo unakwenda kwa miguu."

Shamsa alifika amevaa gauni refu la kitambaa kizito cha drili, suruali ndani yake, na kilemba kilichofungwa kwa nguvu. Alimsalimu kama mtu anayemsalimu mkaguzi wa shule. Muhidini alifungua mdomo, lakini wanawake wale walikuwa wameshaondoka.

Alikwenda nao vizuri hadi kwenye mteremko. Ziwani mchanga ulimla nguvu. Wakati wa kupanda alishika mbavu.

"Shamsa! Ngoja kidogo!"

"Hatungoji," Celina alijibu bila kugeuka. "Mdudu wa kahawa yuko mbele, njoo umkague!"

Walimngoja njiani? La, yeye ndiye aliyewakuta, dakika kumi baadaye, wameketi kizingitini kwa Celina. Celina akaingia ndani kuchemsha chai na kuuacha mlango wazi. Shamsa alikuwa amelegeza kilemba. Maji yalimtiririka kutoka kwenye mistari hadi shingoni, na hakuna ndoo iliyokuwa karibu.

Muhidini aliyafuata kwa macho.

"Haya ndiyo yale?"

"Ndiyo yale."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniomba niache."

"Hujui."

"Ungeniomba?"

Muhidini alitafuta pumzi, kisha jibu. Alikuwa mtu wa kweli, hata pale kweli ilipomgharimu.

"Ningekuomba."

"Na sasa?"

"Sasa naomba maji ya kunywa."

Shamsa hakutaka kucheka, akacheka. Kisha akakaza kilemba.

"Muhidini, kahawa ya mtu usiyemjua unaikagua kwa macho yako. Mimi ulitaka kunihukumu kwa macho ya jirani."

"Nimekosa."

"Na mimi nilikuficha. Tumekosa wote, lakini makosa hayalingani."

"Hayalingani," alikubali. "Leo hii nitamweleza Mama."

"Usimweleze. Atasema nimekuzunguka, na wewe unanipenda, kwa hiyo macho yako hayahesabiki. Jumamosi kuna michezo uwanjani. Walimu wa kike watakimbia. Mlete aone mwenyewe."

"Akikataa?"

"Basi Jumapili aje avunje. Lakini kukimbia siachi, Muhidini. Nataka ulijue hilo leo, usije ukasema hukuambiwa."

Muhidini alitazama viatu vyake vilivyojaa mchanga.

"Nimelisikia. Sikuombi uache."

Jumamosi Bi Maulida aliketi kwenye benchi uwanjani, mwavuli juu yake, Siti upande mmoja na mwanawe upande wa pili. Alikuwa ameambiwa anakwenda kuangalia michezo, na hilo lilikuwa kweli.

"Wale si walimu? Na yule mwenye kilemba... Muhidini, yule si Shamsa?"

"Ndiye, Mama."

"Anakimbia mbele za watu!"

"Amejisitiri kuliko wote walio hapa," alisema Siti. "Mtazame. Hata kisigino hukioni."

"Wewe Bi Siti, ulijua?"

"Mimi najua vichwa. Mtazame."

Mbio zilikuwa za kuzunguka uwanja mara nne, na jua lilikuwa la saa sita. Mzunguko wa tatu Shamsa alikuwa wa tano. Wa nne aliwapita watatu. Celina alimaliza wa kwanza, Shamsa wa pili, na wasichana wa shule walipiga kelele ambazo wazazi wao wasingeziruhusu nyumbani.

Bi Maulida alisimama. Aliufunga mwavuli, akaenda moja kwa moja nyuma ya ukuta wa mabanzi walipokuwa wakipumzika wanawake. Siti akamfuata. Muhidini alibaki kwenye benchi. Huko hakukuwa mahali pake.

"Vua kilemba," alisema Bi Maulida.

Shamsa alikivua. Kilikuwa kizito kama nguo iliyotoka kufuliwa, na pembeni, palipoanza kukauka, palikuwa na mstari mweupe.

"Umejimwagia maji?"

"Hukuniondolea macho, Mama. Maji ningeyapata wapi?"

Bi Maulida alipitisha kidole kati ya mstari na mstari, kuanzia utosini hadi kisogoni. Akakitazama. Kisha, mbele ya wanawake wote, akakigusa kwa ulimi.

"Chumvi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na hii ndiyo unayoosha alfajiri?"

"Mara tatu kwa wiki."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuogopa. Nilijua utasema mkwe wako hakimbii."

"Ningesema. Hata sasa sijapenda." Bi Maulida alikisokota kilemba mikononi, jasho likadondoka majanini. "Lakini mkwe kukimbia ni kitu nisichokipenda tu. Lile lingine nililisema bila kuliona, na nililiandika kwa wino. Nisamehe, mwanangu."

Shamsa alitaka kujibu kwa utulivu, kama alivyopanga siku nyingi. Badala yake alilia. Bi Maulida alitoa upande mmoja wa kanga yake, akamfuta kichwa kwanza, halafu macho.

Jumapili tarehe 11 Bi Maulida alikwenda kwa mzee Ayubu, siku ile ile aliyoiahidi. Njiani alisimama kwa jirani mwenye kuhesabu, akakaa dakika tano, akatoka peke yake. Kwa mzee Ayubu hakuvunja kitu. Alitaja tarehe ya ndoa. Shamsa, kupitia kwa baba yake, alitaja sharti moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Muhidini alilikubali kabla mzee hajamaliza kulisema.

Siti alimsuka bibi harusi mistari kumi na miwili, ikielekea nyuma. Tangu Jumapili ile Shamsa alikuwa amefuata dawa yake: kitambaa kibichi siku za mbio, maji Ijumaa tu. Nywele zikapona.

Harusi ikafanyika Oktoba. Fungate waliifanyia Bukoba, kwa Bi Maulida, kabla ya kuhamia Muleba. Siku ya nane ilikuwa Ijumaa. Shamsa alisimama uani kabla jua halijachomoza, ameosha nywele, zinadondosha maji mabegani. Yule jirani wa mzee Ayubu, aliyekuja kwa kisingizio cha kuomba moto wa jiko, alimtazama, akatabasamu, akashindwa kujizuia.

"Shamsa, leo ni mbio, au...?"

Shamsa alizikamua nywele. Sauti ya Bi Maulida ndiyo iliyojibu kutoka jikoni.

"Amka mapema Jumatatu, mama, utamwona akipita. Mwanangu atakuwa nyuma yake, ameshika mbavu."