Kitambaa cha Kompyuta ya Hamisa

Ninaikumbuka ofisi yetu ya Kurasini, mwaka 1995. Tulikuwa watu watatu, tukiwatolea wateja mizigo bandarini. Mzee Nasser alikuwa bosi, Hamisa mpiga chapa, mimi karani. Kompyuta ilikuwa moja tu, na wateja walikuja kuichungulia. Nazitamani sana siku zile.

Mama yake Hamisa aliifumia kompyuta kitambaa cheupe, kama kile cha redio yake nyumbani. Kiliifunika yote isipokuwa kioo, kikaning'inia hadi nyuma. Sote tulikisifu. Vumbi la malori ya Kurasini halikuwa na haya.

Lakini kila ikifika saa nne asubuhi, kompyuta iliganda. Barua zilichelewa, na mizigo ya watu ikalala bandarini.

"Hii imechoka," Mzee Nasser alisema. "Nimeagiza yenye nguvu zaidi. Kesho inaletwa, na mtu wake wa kuiendesha. Hamisa mwanangu, utanisamehe."

Hamisa alirudi kwenye barua zake. Mama yake alikuwa akiutegemea mshahara ule. Nilimwonea huruma sana.

Kesho yake Hamisa alikuja na jirani yake wa Kimara, Auleria, mwalimu wa kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuizika?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa kwanza. Mnaifanyia kazi gani?"

"Barua," Hamisa alisema. "Na orodha za makontena."

"Hamchori ramani za majengo?"

"Sie? Hata kibanda hatuchori."

"Basi nguvu iliyonayo inawatosha. Mashine kubwa itawaandikia barua zilezile. Mtu huanza na kazi yake, ndipo atafute mashine."

"Mbona inaganda, sasa?" Mzee Nasser aliuliza.

Auleria alipitisha mkono nyuma ya kompyuta, akautoa haraka. "Inaungua. Haya matundu ndiyo pua zake. Feni inatolea joto hapa. Nyie mmeifunika gubigubi, halafu mnailaumu."

Tukakitazama kitambaa. Hamisa alikiondoa polepole, machozi yakimlenga. "Kumbe ni mie mwenyewe."

"Ni mapenzi ya mama, dada. Kitunze. Ukimaliza kazi, izime, iache ipoe, ndipo uifunike. Ikiwa kazini, iache ipumue."

Auleria aliizima, akachukua brashi ya rangi, akapangusa vumbi kwenye matundu. Hamisa akawasha, akaanza kuchapa. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Kufikia saa tisa, orodha zote za wiki zilikuwa mezani kwangu.

Simu ikalia. Alikuwa muuzaji, akisema anaipakia garini mashine mpya. Mzee Nasser alisikiliza huku akimtazama Hamisa.

"Baki nayo, bwana," alisema. "Ya kwetu imepona. Na mtu wake yupo."

Saa kumi na nusu Hamisa alizima kompyuta. Tulikaa naye kuisubiri ipoe, tukinywa kahawa. Kisha akaitandikia kitambaa cha mama yake, akakinyoosha pembe zote nne.